Ni Kweli, Lakini

Hakimu aliuliza swali, nami nikaligeuza kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa: umeshtakiwa kwamba ulimshambulia mumeo ukamjeruhi, ni kweli au si kweli?

Mwanamke aliyesimama kizimbani alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda lori kwenye barabara mbovu. "Ni kweli," akajibu, "lakini alikuwa ananikaba."

Nikamgeukia hakimu nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali kosa.

Ilikuwa 2014, mwezi wangu wa pili nikiwa mkalimani wa kuitwa, yaani yule ambaye hakuajiriwa na mahakama ila hupigiwa simu akitokea mshtakiwa asiyejua Kiingereza wala Luganda. Mezani palikuwa na rundo la mafaili. Asubuhi ile ile karani mkongwe alikuwa ameniambia kwamba jibu la shtaka ni neno moja. "Hadithi watasimulia baadaye," alisema. Basi nusu ya pili nikaimeza. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Mwanamke akaulizwa tena kama ni kweli, akasema ni kweli, na safari hii hakuongeza lakini, maana alishaona haifiki popote. Akapigwa faini, na akishindwa kulipa, kifungo cha miezi miwili. Dada mmoja wa kanisani kwake akalipa. Saa saba alikuwa ameshatoka getini, nami nimesimama barabarani nakula rolex (huku kwetu rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, wala si saa) na sikujiona nimekosa chochote.

Nimekulia kambi ya polisi hapa Kampala, kwenye vile vibanda vya mabati ambavyo watu huviita "mama ingia pole". Baba alikuwa konstebo kutoka Kitgum, mama ni wa Tororo. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichotawala kambi nzima, cha paredi na cha foleni ya maji na cha watoto wanaogombania mpira wa makaratasi. Mabati hayafichi siri. Tulijua usiku ule ule nani anapigwa, na asubuhi tulimwamkia shikamoo kama kwamba hatukusikia.

Ng'ambo ya ukuta, Kiswahili chetu hakikupendwa. Kwa watu wazima wengi wa Kampala ni lugha ya aliyekuja usiku na bunduki akasema "fungua mlango", enzi za Amin na za waliomfuata. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike rasmi na kifundishwe shuleni, lakini masikio hayabadilishwi na waraka. Nayataja haya kwa sababu moja. Mwanamke anayefika kaunta ya polisi na Kiswahili peke yake anaanza akiwa nyuma. Akilia, haeleweki. Akipaza sauti, anasikika kama anaamrisha.

Miaka miwili baada ya ile faini, wakili kijana niliyekuwa namtafsiria alinisomea koridoni hukumu ya zamani ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973. Kesi yenyewe ilitoka Kenya, ila mahakama zetu zinaifuata hadi leo. Inasema shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Akikubali kisha akaongeza jambo linaloonyesha huenda ana utetezi, iandikwe kwamba amekana. Nilimwomba aisome tena. Kumbe sheria ilikuwa imeshalitengea neno "lakini" mahali pake kabla mimi sijazaliwa, na mimi ndiye niliyelizuia mlangoni.

Ila ningekuwa mwongo nikisema mambo huharibika kizimbani. Mpaka mtu afike pale, ameshapewa nafasi yake kitambo.

Kituoni, anayewahi kaunta ndiye mlalamikaji. Jina lake linatangulia kwenye kitabu cha kituo, kile ambacho kila mtu Uganda anakiita SD, naye anaondoka na namba. Namba ile ikigeuzwa faili ya jinai, ikapata namba ya CRB, kitabu cha kesi za jinai, pande zimeshagawanywa: huyu analalamika, yule anajibu. Na mwanaume huwahi kwa sababu za kawaida kabisa. Ana pesa ya bodaboda. Hana mtoto wa kumfunga mgongoni, wala wengine wa kuwapitisha kwa jirani kwanza. Jeraha lake ni la kucha au la meno, linatoka damu, linaonekana. La mwanamke litavimba kesho, na aliyekabwa shingo mara nyingi haachiwi alama yoyote ya kumwonyesha askari chini ya balbu moja. Anapofika, saa nzima baadaye, anakuta kisa kimeshaandikwa na nafasi iliyobaki ndani yake ni moja.

Akisema na yeye kapigwa, huambiwa hiyo ni kesi nyingine, ataifungua akitoka. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, PF3, anapewa mlalamikaji. Mshukiwa anapewa benchi, kisha seli.

Lugha nayo husaidia kumzamisha. Kiswahili kina kijisilabi kidogo, "-an-", ambacho sisi wakalimani tungepaswa kukiogopa kama nyoka. Ukisema "alinipiga", yupo mpigaji na yupo mpigwa. Ukisema "tulipigana", wote wawili wamekuwa wapigaji. Na wanawake hupenda kusema tulipigana, tuligombana, tulikosana, kwa kuwa kumtaja baba watoto wako kuwa ndiye aliyekupiga, mbele ya vijana wa umri wa mdogo wako, ni sawa na kumvua nguo hadharani. Luganda haiko mbali: "twalwanye", tulipigana. Hata jina ambalo Luganda hulipa ukatili wa nyumbani ni "obutabanguko mu maka", vurugu za nyumbani, na vurugu ni kama vumbi, haina mwenyewe. Sasa askari anaandika kwa Kiingereza kwamba walipigana. Mwanasheria wa serikali anayepitia faili anasoma kwamba kila mmoja alipiga. Anageuza ukurasa anakuta PF3 ni ya mume, basi mke ndiye aliyemzidi mwenzake. Nimewahi kushika faili ambamo mama wa kilo hamsini hivi "alimzidi" fundi wa kuchomelea vyuma.

Siku hizi nikisikia tulipigana, nanyosha mkono: Mheshimiwa, neno hili halisemi nani alianza. Sina ruhusa ya kumuuliza mshtakiwa swali langu mwenyewe, ila kueleza utata wa neno ni kazi yangu. Mahakimu wengine hushukuru. Wengine hutazama saa.

Mwaka jana nikaitwa kwa shtaka lililofanana na lile la kwanza kama pacha. Mshtakiwa alikuwa mwanamke kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, amekaa Kampala miaka sita, ana watoto watatu na mwanaume wa hapa. Luganda yake ilikuwa ya sokoni: bei, punguza, asante. Kosa lake lilikuwa kumuuma mumewe mkono, yaani shambulio la kusababisha madhara ya mwili, ambalo adhabu yake hufika miaka mitano. Maelezo yake kwenye faili yalikuwa nusu ukurasa wa Kiingereza, na aliyemtafsiria kituoni alikuwa mdogo wa mume. Shemeji! Ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo mahakamani. Kituoni, usiku ule, mkalimani alikuwa yeyote aliyesimama karibu, na waliosimama karibu walikuja na mume.

Mlalamikaji alikuwa akionyesha kovu lake koridoni kwa kila aliyetaka kuliona. Nikaliona. Lilikuwa upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Jaribu mwenyewe nyumbani: pitisha mkono wako shingoni mwa mtu kwa nyuma, taratibu, kisha utazame mdomo wake umeangukia wapi.

Hakimu akauliza, nikatafsiri. Yule dada akajibu, "Ni kweli, lakini alinikaba kwa nyuma, na mtoto alikuwa anaangalia." Nikafikisha yote. Kukabwa, nyuma, mtoto. Hakimu akasimamisha kalamu, akamtazama kwa mara ya kwanza, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Mle ndani hakuna aliyejua kwa nini mkalimani alikuwa anatabasamu.

Tabasamu halikufika jioni. Aliyekana lazima asubiri kusikilizwa, na ili usubiri ukiwa nje unahitaji dhamana. Dhamana inataka wadhamini wenye vitambulisho na barua za mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na inataka uwe na makazi yanayojulikana. Makazi yake yalikuwa nyumba ya mlalamikaji. Mwenyekiti anayepaswa kuandika barua alimjua kama mke wa fulani, na huyo fulani ndiye aliyekuwa akinywa naye Jumamosi. Wakili hakuwa naye. Serikali hulipia wakili pale adhabu inapoweza kuwa kifo au kifungo cha maisha, na meno mkononi hayafiki huko. Ni kweli FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichoanza 1974, hutoa msaada wa bure, lakini mtu aliye rumande bila simu na bila Luganda atawapataje?

Akaenda rumande. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshapita miezi 18, umri ambao Sheria ya Magereza ya 2006 inamruhusu mtoto kukaa gerezani na mama yake, kwa hiyo hakwenda naye. Alibaki nyumbani na wenzake. Na baba yao, mlalamikaji.

Alikaa siku 28 kabla waumini wawili wa kanisa lake hawajapata barua zinazokubalika. Hebu weka hizo kesi mbili sambamba. Wa 2014 nilimwibia utetezi wake, akalala kwake usiku ule ule na rekodi ya jinai juu. Wa mwaka jana nilimfikishia neno lake zima, akalala sakafuni mwezi mzima akiwa hana hatia yoyote kisheria. Mume wa yule wa kwanza, nilikuja kusikia, alitembea na karatasi ya hukumu kwenye mfuko wa shati walipogombea watoto mbele ya wazee, akiikunjua kila walipobishana. Kwa hiyo siwezi kusema yupi niliyemfaa. Nimejaribu.

Ukweli kwetu ni ghali kuliko kukiri, na kila mtu kizimbani anaijua bei hiyo. Mwaka 2014 mahakama zetu zilianza majaribio ya makubaliano ya kukiri kosa ili upunguziwe adhabu, na mwaka 2016 zikatungiwa kanuni. Sina ugomvi na mpango wenyewe, mafaili yalikuwa yamejaa mno. Ila wanawake niliowatafsiria kwenye meza zile hawaulizi kama wana utetezi. Wanauliza, "Nikikubali, naenda nyumbani lini?"

Mtu atasema, kwani Uganda haina sheria? Ipo, na si mbaya. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inatambua kipigo, ukatili wa ngono, matusi, hata kunyimana pesa. Inaruhusu mahakama za LC kushughulikia kesi nyepesi, inampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, na anayekutwa na hatia anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Inamtaka askari amsaidie mhanga kupata matibabu na amweleze haki zake. Tatizo ni kwamba inadhani mhanga atakuwa na kibandiko usoni. Wanapofika wawili na wote wana majeraha, haimwambii askari atazame nini: nani anamwogopa nani, nani anashika pesa, nani alikuja hapa mwezi uliopita akarudishwa nyumbani "mkamalize wenyewe". Kujitetea kupo kwenye sheria zetu za jinai, lakini ni utetezi wa kusikilizwa kwenye kesi. Kaunta hakuna fomu yake.

Na wapo wanaume wanaopigwa. Nimewatafsiria wawili, na wote walichekwa kituoni. Sheria ile ni yao pia. Lakini katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016, wanawake 56 kati ya kila 100 waliowahi kuolewa walisema wamefanyiwa ukatili na mume au mwenza, wa mwili, wa ngono au wa maneno na vitisho. Askari anayeandika SD usiku akisahau hesabu hiyo, anakuwa ameshaamua.

Hayo ni ya meno na kucha. Pale mtu anapokufa, neno lile "lakini" linapata mlango mwembamba zaidi. Sheria yetu ya jinai inakubali kwamba aliyechokozwa akaua huenda atiwe hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji, ila uchokozi uwe wa ghafla, na tendo litokee kabla hasira haijapoa. Ukiisoma unawaona wanaume wawili kwenye baa. Humwoni mwanamke aliyepigwa miaka kumi, ambaye hasira yake haikuwaka ghafla wala haikupoa, ilikaa tu kama moto wa pumba. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, na wenyewe waliifuta mwaka 2010 wakaweka nyingine isiyodai ughafla. Sisi tumebaki nayo.

Kabla ya 2009 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani aliyepatikana na hatia ya mauaji alihukumiwa kifo tu, jaji hakuwa na la kupima. Aliyelibadilisha hilo ni mfungwa wa gereza la Luzira, Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kosa la kumuua mumewe, kosa alilolikana. Yeye na wenzake 417 waliishtaki serikali, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifo kisiwe lazima. Alisoma sheria akiwa gerezani, akatoka 2016. Sisemi kesi yake ilikuwa ya kipigo. Nasema kwa sababu ya kesi ile, mwanamke aliyepigwa akaua anaweza leo kumweleza jaji miaka yake yote, na jaji akapunguza adhabu. Anaeleza baada ya kutiwa hatiani. "Lakini" yake inasikilizwa ikiwa mkia.

Yule dada wa Kivu kesi yake ilifutwa. Mlalamikaji aliacha kuja. Mara ya kwanza akasema ana safari, mara ya pili hakusema kitu, mara ya tatu hakimu akafunga faili. Hakuna aliyefungua nyingine. Sikumwona mtu yeyote akimuuliza kuhusu shingo yake.

Nilimkuta nje ya geti amesimama na kitenge chake, akiwa kama mtu aliyeshushwa stendi isiyo yake. Anarudi wapi, sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Dada, kwa Kiingereza wanasemaje, alinikaba kwa nyuma?"

Kwa kanuni, mkalimani hana mazungumzo na mshtakiwa nje ya mahakama. Kesi ilikuwa imekwisha. Nikajiambia kanuni imekwisha nayo. Nikachana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika, nikamsomea. Akarudia. Akakosea, akarudia tena, mpaka mwenye kibanda cha rolex akaacha kugeuza chapati akatutazama.

"Na ile ya kumuuma," akasema, "niiweke baada ya lakini?"

"Usiweke lakini, dada. Anza na kukabwa. Kuuma kuje mwisho."

Akaitazama karatasi, akahesabu maneno kwa kidole, kisha akaikunja pamoja na nauli kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo kwa meno, akaenda kupanda taksi.